Kwa Nini Sikukuu ya Mavuno Imefunikwa na Noeli

Masomo: Kumbukumbu la Torati 26:1–11, Luka 17:11–19



Neno nitakalo kusema nanyi mwezi huu limetoka katika baraza la wazee wa kanisa. Mzee mmoja, mtu mwenye busara na mtoaji mwema, aliuliza hivi: "Mchungaji, kwa nini tusiiunganishe Sikukuu ya Mavuno na Noeli? Mwezi wa Julai watu hawaji. Mwezi wa Desemba kanisa hujaa hata nje, tena watu wana fedha za korosho. Sadaka moja, sikukuu moja, kazi imekwisha." Wenzake wakatikisa vichwa kumwitikia. Siku ile sikumjibu, maana swali lake si la upuuzi, wala halikustahili jibu la haraka. Leo nalijibu mbele yenu nyote, nanyi mpime.

Alilolisema ni kweli. Noeli yetu yaonekana tangu mbali. Watoto huanza kujifunza nyimbo mwezi wa Novemba, mafundi cherehani hawalali, na yule ambaye hakuonekana kanisani tangu Pasaka huja amevaa shati lenye mikunjo ya dukani bado. Jirani zetu Waislamu hupelekewa sahani ya pilau, kama wao watuleteavyo siku ya Idi. Lakini Sikukuu ya Mavuno hupita kama mgeni apitaye usiku. Magunia machache ya mahindi huwekwa mbele ya madhabahu, kuku wawili hufungwa miguu, mikungu ya ndizi huegemezwa ukutani, na baada ya ibada huwa mnada. Hapo ndipo wengi hukumbuka kwamba wana safari.

Wala jambo hili si letu peke yetu. Wako watu waliotangulia kuwa na siku kubwa ya shukrani, nayo ikapatwa na mambo hayo hayo. Wamarekani huadhimisha siku yao Alhamisi ya nne ya Novemba, nao husimulia habari za wahamiaji wa Plymouth waliovuna mwaka 1621 wakala pamoja na wenyeji wa nchi. Basi sikilizeni ajabu. Wahamiaji wale hawakuikubali Noeli hata kidogo. Waliona haikuamriwa katika Maandiko. Katika nchi jirani ya Massachusetts sheria ya mwaka 1659 ilimtoza shilingi tano kila mtu aliyeonekana akiiadhimisha, na sheria hiyo haikufutwa hata mwaka 1681. Siku ya shukrani ilikuwa yao, na Noeli ilikuwa marufuku. Rais Lincoln alitangaza siku ya shukrani kwa taifa lote mwaka 1863, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Lakini mwaka 1939 Rais Roosevelt aliitanguliza kwa juma moja, kwa kuwa wenye maduka walitaka siku nyingi zaidi za kuuza bidhaa za Noeli. Majimbo mengine yalikubali na mengine yakakataa, hata mwaka 1941 sheria ikaiweka Alhamisi ya nne. Na katika mji wa New York, tangu mwaka 1924, duka moja kubwa hufanya maandamano siku ile ile ya shukrani, na mwisho wa maandamano huja Baba Noeli. Siku ya kushukuru imekuwa mlango wa kupitia kwenda dukani.

Nchi nyingine zenye siku ya namna hii ni chache. Kanada huishika Jumatatu ya pili ya Oktoba. Liberia huishika Alhamisi ya kwanza ya Novemba, maana weusi waliotoka Marekani kwenda kukaa huko waliichukua pamoja nao. Wajerumani hushukuru mavuno kanisani, aghalabu Jumapili ya kwanza ya Oktoba. Na huko Uingereza padre mmoja wa Cornwall, Robert Stephen Hawker, aliianzisha upya ibada ya mavuno katika kanisa lake mwaka 1843, ikaenea nchi nzima.

Kwa nini basi Noeli imeenea duniani kote, na shukrani ya mavuno imebaki hapa na pale? Nitasema kama nionavyo mimi.

Noeli ina hadithi, na hadithi hiyo ni moja kila mahali: mtoto, mama, hori ya ng'ombe, wachungaji usiku. Mtu wa Norway na mtu wa Nangurukuru waweza kuisikia siku moja, maana haitegemei mvua. Kanisa la Rumi lilikuwa likiiadhimisha tarehe 25 Desemba tangu mwaka 336, na tarehe hiyo yaweza kuandikwa katika kalenda ya kila nchi bila kuuliza shamba limefika wapi. Lakini mavuno hayakubali kalenda moja. Wajerumani walipotuletea Injili walituletea pia majira yao, na Oktoba kwao ni ghala iliyojaa. Kwetu Oktoba ni jua kali, mashamba yanafyekwa, na mkulima anatazama mawingu. Kumwambia mtu wa Kilwa alete malimbuko ya nafaka Oktoba ni kumwambia alete alichobakiza panya.

Tena hata hapa petu pwani mavuno si siku moja. Mvua zetu huanza Novemba mwishoni au Desemba, hata Aprili au Mei. Mpunga na mahindi huvunwa kwanza, mtama hufuata, na ufuta hukatwa, hukaushwa na kukung'utwa hata Julai. Korosho huanza kuokotwa Septemba, na minada yake huanza kama Oktoba. Mwenye shamba la chumvi hufanya kazi katika kiangazi, wakati mwenzake wa bondeni amepumzika. Mvuvi wa Songosongo hungoja bamvua ili aende mwambani kutafuta pweza, na upepo wa kaskazi ni rafiki yake kuliko kusi. Je, hao wote washukuru lini?

Iko sababu nyingine ambayo wainjilisti waitafakari, maana haizungumzwi sana. Waisraeli walikuwa na sikukuu tatu kubwa za kuhiji. Pasaka Kanisa liliirithi, kwa kuwa Bwana alisulubiwa na kufufuka wakati wake. Sikukuu ya Majuma, iliyokuwa ya malimbuko ya ngano, Kanisa liliirithi ikawa Pentekoste, nasi twakumbuka Roho Mtakatifu na kusahau ngano. Lakini sikukuu ya tatu, ya Vibanda, ile ya kukusanya mavuno yote mwisho wa mwaka, haikupata mrithi. Hakuna siku katika mwaka wa Kanisa iliyosimama mahali pake. Kwa hiyo kila nchi imejitengenezea siku yake kwa namna yake, au haikujitengenezea kabisa.

Nanyi mliosoma Katekisimo Ndogo mtaona jambo hilo kwa sura nyingine. Noeli ni ya sehemu ya pili ya Imani, imhusuyo Mwana. Pentekoste ni ya sehemu ya tatu. Sehemu ya kwanza, imhusuyo Baba Mwumbaji, ni ya sikukuu gani? Luther alipoieleza mwaka 1529 hakupaa juu mawinguni. Alihesabu mwili na macho, nguo na viatu, chakula, nyumba, mke na watoto, shamba na mifugo, kisha akasema kwamba kwa hayo yote twapaswa kushukuru. Maneno hayo twawakaririsha watoto wa kipaimara, nao huyajua kwa moyo. Lakini mtoto asiyeona hata siku moja wazazi wake wakiyatenda atayashika kama ashikavyo hesabu za mara.

Sasa nirudi kwa mzee wetu na neno lake la Desemba.

Alisema Desemba watu wana fedha. Ndiyo. Lakini tuulize fedha hizo ni za nani. Katika nyumba nyingi za pwani hii aliyepanda mpunga, akapalilia, akaamia ndege toka alfajiri, akavuna na kutwanga, ni mama. Fedha za korosho, aghalabu, zapokewa na baba. Tukiihamisha Sikukuu ya Mavuno iende Desemba, baba atakuja mbele na noti yake, naye mama hatakuwa na kitu cha kuleta ila kile alichopewa. Mwezi wa Julai yeye ndiye mwenye kikapu. Wazee wa baraza letu ni wanaume karibu wote, labda ndiyo sababu jambo hili halikutajwa.

Tena Noeli inayotegemea mnada itakuwa na mashaka kila mwaka. Mwaka 2018 wanunuzi walitoa bei ndogo, serikali ikaingia ikazinunua korosho kwa shilingi 3,300 kilo moja, na jeshi likazichukua. Wakulima wengi hawakulipwa ila baada ya mwaka mpya. Mwana wa Mungu alizaliwa mwaka ule pia. Hatuna ruhusa ya kuifanya sikukuu yake ingojee stakabadhi ya ghala.

Wala tusisahau miezi ifuatayo. Baada ya Noeli huja Januari, Februari na Machi, miezi ambayo akiba ya nyumba nyingi imekwisha na mazao mapya bado ni mabichi. Nimewaona watu waliovaa vizuri Desemba wakikopa unga Februari. Sisemi nguo mpya ni dhambi. Nasema kwamba mtu ashukuruye mbele ya ghala yake mwezi wa Julai huona kwa macho yake ni kiasi gani kilichomo, naye aweza kuhesabu miezi.

Lakini neno zito kuliko hayo yote ni hili. Soma tena ile sura ya 26 ya Torati. Mwisraeli hakuagizwa kuleta kikapu tu. Aliagizwa kusimama mbele ya kuhani na kusema habari: kwamba baba yake alikuwa mtu wa kutangatanga, kwamba walikuwa watumwa Misri, wakateswa, wakamlilia Bwana, naye akawatoa. Baada ya hayo ndipo aseme, nami sasa nimeleta malimbuko. Kikapu na habari ni kitu kimoja. Mtu huru ndiye anayeweza kushukuru kwa mavuno, maana ni yake.

Nani aijue habari hiyo kuliko watu wa Kilwa? Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya watumwa. Misafara iliteremka toka Nyasa, na watu wakauzwa hapo hata mkataba wa mwaka 1873 ulipoyafunga masoko. Mwaka 1876 Askofu Steere aliwaongoza watumwa waliokombolewa kurudi bara, nao wakakaa Masasi wakalima. Walipovuna mara ya kwanza walivuna kwa ajili yao wenyewe, kitu ambacho wengine wao hawakukijua tangu utoto.

Kisha ikaja pamba. Tangu mwaka 1902 serikali ya Kijerumani iliwalazimisha watu wa Kusini kulima mashamba ya pamba ya vijiji, kwa malipo hafifu, chini ya kiboko cha akida, wakati mashamba yao wenyewe yakiota majani. Mwezi wa Julai mwaka 1905, huko Nandete katika milima ya Wamatumbi, watu waliingia shambani wakaing'oa pamba. Hivyo ndivyo ilivyoanza vita vya Maji Maji. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa mwezi uliofuata, na vita vikaenea hata Songea. Majeshi ya serikali yakachoma maghala na mazao, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Hesabu ya Wajerumani wenyewe ilikuwa watu 75,000. Wako wanahistoria wafikirio 250,000 au zaidi.

Nayataja haya kwa kuwa yanatuhusu sisi Walutheri zaidi ya wengine. Waliolazimisha pamba na walioleta Biblia walitoka nchi moja, na babu zetu hawakuona tofauti kubwa kati yao. Mtu ambaye baba yake alichapwa viboko ili apeleke mavuno mbele ya mkubwa, halafu aambiwe kanisani, "Leteni mavuno," atasikia nini? Basi tutazame namna tuifanyavyo sikukuu hii. Bahasha zenye majina hugawiwa mapema. Kila mtaa huwekewa kiasi. Mtaa uliopungukiwa hutangazwa mbele ya watu. Mnada huendeshwa kwa mzaha na kelele, na mwenye fedha humnunua jogoo mara tatu apate kupigiwa makofi, huku mjane aliyeleta vibaba viwili vya mtama haulizwi jina. Kazi ya Bwana yahitaji fedha, nami nala katika sadaka zenu, silikatai hilo. Lakini tukiigeuza shukrani kuwa kodi, watu watatenda kama watendavyo watu wote mbele ya kodi, yaani watajificha. Noeli hawaikimbii, kwa sababu Noeli hawadaiwi. Hapo, nadhani, ndipo jibu la swali lote lilipo kwa upande wetu: tumeifanya Noeli kuwa siku ya kupokea, na Mavuno kuwa siku ya kutozwa.

Mmoja wenu ataniuliza: na mwaka wa hasara je? Mwezi wa Mei mwaka 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara kuu pale Somanga, na maji yakafunika mashamba ya mabondeni siku chache kabla ya kuvuna, mwinjilisti mmoja aliniuliza kama aifute Sikukuu ya Mavuno mwaka ule. Nilimwambia asiifute, lakini asimwombe mtu kitu. Asome Habakuki sura ya tatu mwisho, ambapo nabii ahesabu kimoja kimoja vitu vilivyopotea, mtini, mzabibu, mzeituni, shamba, zizi, ndipo aseme atamfurahia Bwana. Angalieni kwamba nabii huyo hakuificha hasara yake ili aonekane mwenye imani, aliihesabu yote. Mwinjilisti aliniambia baadaye kwamba watu walikuja wengi kuliko mwaka wa shibe, wakakaa kimya muda mrefu, na bibi mmoja akaleta mbegu za kunde alizoziokoa darini, akazigawa kwa jirani zake pale pale mbele ya madhabahu.

Hata hapa tusiyasahau maneno ya Luka. Wakoma kumi walitakaswa. Wale tisa hawakuwa waasi. Walikwenda kwa makuhani kama walivyoagizwa, yaani walikuwa wakiishika amri. Aliyerudi alikuwa mgeni, Msamaria. Nami nikaapo ufukoni Masoko nikamsikia mvuvi, si wa dini yetu, akiteremka chomboni na kusema "Alhamdulillahi" kwa samaki watatu, nakumbuka sharika zetu zenye amri nyingi za sadaka. Hatujui kuomba kabla ya kula tu. Baada ya kula twanyamaza. Hebu mchunguze nyumbani kwenu leo jioni.

Taifa letu nalo limewawekea wakulima siku yao, Nane Nane, tarehe 8 Agosti, na uwanja wa Ngongo hapa Lindi hujaa mazao mazuri, mashine na mifugo. Ni jambo jema, nami huenda kuangalia. Lakini huko mkulima hupewa sifa kwa kazi yake, nayo ni haki yake; kanisani ndipo amtajapo yule aliyeleta mvua. Siku hizo mbili zikikaribiana hazitagombana.

Jibu langu kwa mzee wetu, basi, ni kwamba tusiunganishe. Noeli ibaki Noeli, na ikiwezekana ipunguziwe mzigo wa fedha. Baada ya kuzungumza naye kwa kirefu, na kwa kibali cha baraza la wazee, tumeafikiana hivi kwa mwaka huu. Sikukuu ya Mavuno itakuwa Jumapili ya mwisho ya Julai. Hakuna bahasha, hakuna kiasi cha mtaa. Kila nyumba italeta kitu kimoja kilichotoka mikononi mwake, hata kama ni konzi ya ufuta au kibaba cha chumvi, na aliyekifanyia kazi ndiye atakayekileta mbele, awe mama au mtoto. Kabla ya kupokea vikapu, mzee mmoja wa kila mtaa atasimulia kwa maneno machache habari za watu wake: walitoka wapi, walipita katika taabu gani, walifikaje hapa. Wainjilisti wamtafute mapema, maana wazee wanaoyajua mambo hayo wanapungua. Sehemu ya nafaka itawekwa katika ghala ya usharika, isiuzwe, igawiwe kwa wenye shida mwezi wa Februari. Mnada, kama utakuwapo, utafanywa siku nyingine.

Wenye korosho wataleta shukrani yao wakati wake, Jumapili yoyote baada ya kulipwa, bila kutangaziwa. Na ndugu zetu wavuvi, kama Jumapili ile itaangukia bamvua, waende baharini kwa amani, walete cha kwao Jumapili ifuatayo. Tutawawekea nafasi mbele.